Irrintzi

Alipanda na kadi zake mkobani, Gaizka, kijana wa chuo,
viatu vya mjini vimekunywa tope
tangu mwisho wa lami hadi zizini kwa bibi Graxi.
Bibi alikuwa anakamua kondoo. Hakuinuka.
"Nakusanya milio ya wanyama," kijana akasema.
"Kila neno na kadi yake."
"Kalia ndoo ile. Ni nzima, ila imetoboka."

Akauliza la kondoo, la mbuzi, la bundi,
la nguruwe anayejua kuwa leo ni Novemba.
Bibi akajibu moja moja, kama anayemenya maharage,
mpaka kadi ya farasi.

*Irrintzi. Nomino. Mlio wa farasi.*

Maziwa yakaacha kulia ndooni.
"Hiyo ni nusu. Andika na nusu ya pili.

Andika: Erramun wangu, akiwa ng'ambo ya bonde,
ukungu umeufunga mlima kwa komeo,
hakuniita kwa jina. Jina ni fupi, hufia mtoni.
Alitoa irrintzi.
Huanzia chini, kama kicheko cha mtu aliyekanyaga barafu,
hupanda, hutetemeka, hupanda tena,
huvunjika huko juu ambako sauti si ya mtu tena.
Nami hujua: yu hai,
kondoo wametimia,
supu iwekwe jikoni."

"Basi ni mlio wa mtu?"
"Wapi."
"Wa farasi?"
"Wewe unapasua maji kwa shoka!"

Akacheka, akamkumbuka Xaneta binamu yake
aliyeshinda jibini zima kwa irrintzi, mkesha wa harusi yake,
asubuhi koo likawa limekauka kabisa,
akamjibu padri kwa kichwa.
("Miaka arobaini mumewe akidai
hakuwahi kuambiwa *ndiyo*.")

"Na mazishini?"
Kijana aliuliza akinoa penseli.
"Mazishini hatulii hivyo."
Kisha, baada ya kondoo wawili:
"Hatukuwa tukilia hivyo.

Jeneza lilipopita kando ya ua,
farasi wake jike alikuwa pale, kifua juu ya waya,
akaitoa, ile ile, ndefu,
na wanaume sita wakasimama na uzito begani.
Nami, na shela langu jeusi,
kinywa kilifunguka bila kuniomba ruhusa.
Sasa niambie, msomi,
nani aliita, nani aliitika?
Na sisi wawili utatuweka kadi ipi?"

Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya pili,
mkamuaji wa ujira, msimu wangu wa tatu kule,
mtoto wa lugha ambamo mbwa hubweka, jogoo huwika,
simba hunguruma, nyuki huvuma,
na farasi, maskini, hulia tu,
kama mtoto, kama kengele, kama simu ya mkononi.
Nilitafuta neno la kumpelekea mama nyumbani.
Nikashika vigelegele, nikavirudisha mahali pake:
vile ni vya ulimi, hii ni ya koo;
na sijasikia mnyama akivipiga.

Gaizka alishuka giza likiingia.
Kadi ile aliiacha juu ya ndoo,
upande mmoja mstari, upande mmoja mweupe,
na maziwa yalikuwa yameshaionja pembeni.

Tulikuwa tunafunga zizi
pale ukungu wa chini ulipotoa kitu,
chembamba, chenye ufa katikati,
kikapanda, kikakwama, kikapanda.
Farasi alisimamisha masikio.
Nikamwuliza bibi: amepotea njia,
au ni farasi wa jirani?

Hakunijibu.
Aliingia ndani
akaongeza maji kwenye supu.