Bei kwa Herufi

Mchonga mawe Wilczok ananiuliza
kama chini ya jina tuandike cheo.
Anaitoa penseli nyuma ya sikio,
anailamba ncha, anapiga hesabu:
zloti kumi na nne kwa kila herufi.
Nukta, asema, ni bure.

Hapa Bytom makaburi yana vyeo.
Mhandisi. Mwalimu Mkuu. Mke wa Daktari.
Hata wafu wetu wamepanga foleni
kwa ngazi ya mshahara.

"Msimamizi wa Zamu," mama alisema asubuhi,
akikaza fundo la kitambaa kama anayefunga mjadala.
"Miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi.
Usiniletee jiwe uchi."

Nami nimesimama katika vumbi jeupe la karakana
namtafuta baba.

Kwanza naikuta namba.
2117, kwenye kisahani cha shaba
kisichozidi kifungo cha koti,
alichokipokea dirishani akishuka, akakirudisha akipanda.
Kisahani kisiporudi msumarini, ving'ora hulia.
Alikuwa 2117 kabla hajawa baba yangu.

Kisha nakikuta cheo.
Foleni ya mikate: "Bwana Msimamizi, pita mbele,"
na mgongo wake unanyooka, kidevu kinapanda,
miaka sita baada ya mgodi kufungwa
na lifti ya shimo kuuzwa kwa kilo, chuma chakavu.
Sikumcheka.
Haya, nilimcheka, mara moja,
na jioni ile hakugusa chakula.

Lakini mvue koti hilo. Mvue na namba.
Nani anabaki?

Mtu aliyeogopa bata bukini.
Mtu aliyekula tufaha kwa chumvi,
na kokwa zake, na kikonyo, asiache ushahidi.
Aliyepiga mluzi kupitia pengo la jino
wimbo usio na mwanzo,
akikuona umesikia, anaumeza.
Aliyejifunza kufuma soksi akiwa na miaka sitini na miwili,
usiku, mama akimwelekeza, pazia limefungwa
kana kwamba wanachapa noti bandia.
Ninazo jozi nne. Kila jozi,
mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Jina jema hung'ara gizani, husemwa.
La baba lilihitaji taa ya betri,
na taa ikizimika, aliniambia,
kule chini sote tuna uso mmoja.
"Mtu nilimjua kwa kikohozi chake."
Akakohoa, anionyeshe cha kwake.
Nilikuwa na miaka minane. Nilidhani ni mchezo.

Na siku ile bustanini,
Tymek wa jirani, kichwa juu ya ua:
"Wewe ni nani?"
Baba akafungua mdomo. Nilimwona
akijipapasa mifuko, kama mtu
aliyesahau kitambulisho nyumbani.
"Mimi," akasema, akatazama juu,
"mimi namngoja njiwa wa kijivu. Amechelewa."
Mtoto akaridhika. Akaruka ua, akaketi kwenye ndoo,
wakamngoja pamoja mpaka giza likaingia.
Kama alirudi, sikumbuki.

*Alimngoja njiwa wa kijivu.*
Herufi ishirini na mbili. Zloti mia tatu na nane.
Ninazo. Nimezihesabu ndani ya mkoba bila kuzitoa.

"Dada," asema Wilczok, "nafunga saa tisa."

Namwona mama, Jumapili, baada ya misa,
glavu amevua, kidole kinapita juu ya jiwe
kikisoma kila mkunjo wa kila herufi.
Miaka arobaini na minne amekuwa Bibi Msimamizi
kwa muuza nyama, kwa padri, kwa yule mwanamke wa posta.
Mimi ni nani hata nimnyang'anye?

"Andika," nasema. "Msimamizi wa Zamu."
Penseli inashuka. Kumi na tano. Mia mbili na kumi.
"Na nukta?"
Nukta usiweke.
Ananitazama. "Ni bure, dada."
Najua.