Mchicha Kumi na Tatu

Mwalimu Nsajigwa aliuliza darasa la tatu
mwaka mmoja una miezi mingapi.
Mwanangu Hidaya akasimama: kumi na tatu.
Walicheka hadi dawati la nyuma likalia.
Alirudi na mkasi mwekundu daftarini,
akaliweka juu ya ndoo, akaenda kuosha miguu.

Mimi ndiye niliyemfundisha.
Tangu anatambaa kati ya matuta
namhesabia hivyo: leo unasia,
siku ya nne zinachungulia, nyekundu
kama macho ya mtu aliyekesha msibani;
wiki ya pili unapunguzia,
siku ya ishirini na nane Mama Tunu anafika
na kanga ya pili kiunoni,
anang'oa tuta zima, mizizi na udongo wake,
na mwezi umekwisha.
Mwezi wetu hausubiri kuandama.

Tunalima Kinyerezi, bondeni,
chini ya nyaya kubwa, pasiporuhusiwa nyumba.
Usiku zinavuma juu ya figiri.
Umeme wa mji mzima unapita utosini petu
na sisi tunafunga mafungu kwa tochi ya simu.
Shomvi, mume wangu, husema:
afadhali mchicha, hauogopi shoti.

Alfajiri anabeba keni mbili,
kisimani na kurudi, kisimani na kurudi.
Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto.
Fundi wa kanzu zake anajua, hamuulizi,
anakata tu kitambaa.

Jioni ile nilitandika jamvi,
nikampa Hidaya mbegu za bamia: hesabu mwaka.
Akapanga kumi na tatu.
Nikamwambia, sasa tuuhesabu kama ulivyokuwa.

Masika, mto ulipanda bila hodi,
ukalala kwenye matuta siku nne.
Toa moja.
Maji yalipokauka tukasia tena,
mvua ikazisomba mbegu hadi shambani kwa Mwinjuma;
akaota mchicha asioupanda,
akatuletea fungu moja, hakutuangalia usoni.
Tulicheka, lakini toa.
(Siku hizo tulikula matembele.
Matembele ni kama shangazi yangu Mwazani:
mkanyage, mkate, msahau, kesho yuko mlangoni.)
Kipupwe kilitupa chainizi nene na nyanya chungu,
hapo hatukutoa kitu, tulilipa ada.
Kiangazi kisima kikabaki tope,
keni zikarudi na vyura.
Toa nyingine.

Halafu ule mwezi Shomvi alipolazwa,
nikawa kwenye benchi la wodi na chupa ya uji,
na hakuna aliyevuna.
Mchicha ukakomaa, ukarefuka kumpita Hidaya,
ukatoa mashuke, ukainama kwa uzito wake.
Mama Tunu alikuja, akaangalia, akasonya:
hii sasa ni kuni.
Hidaya akanyoosha kidole kuitoa punje ile.
Nikamshika mkono.
Hiyo iache. Hiyo ndiyo iliyojaa kopo
lililo juu ya kabati, lile la maziwa ya unga.
Yote tuliyosia baadaye yalitoka humo.

Akaitazama punje muda mrefu.
Kumi, akasema.
Kumi, nikamwambia, lakini mwalimu anataka kumi na mbili,
mwandikie kumi na mbili, ufaulu.

Alhamisi Mwalimu Nsajigwa alipita, kama kawaida,
na mkoba wake, na vumbi la chaki kwenye kiwiko.
Mshahara bado, akasema, niandikie.
Nikamkatia majani ya kunde na fungu la mchicha,
nikaongeza nyongeza.
Hidaya ndiye anayeshika daftari la madeni.
Akalamba ncha ya penseli,
akaandika polepole, kwa mwandiko wa shule:
Mwalimu, mafungu mawili,
atalipa mwezi wa kumi na tatu.