Ngeli ya Kuvu

Bi Mwanamkuu Singano alileta majani ya michungwa
ndani ya mfuko wa sukari, kutoka Mkuzi:
mengine yana madoa kama yamezimiwa sigara,
mengine mazima, yanang'aa, hayana hata kovu.
Nikayapokea yote. Nikamwambia, subiri.

Maabara yetu ya Muheza ina dirisha moja linalofunga.
Nilikata vipande, nikaviosha kwa spiriti,
nikavilaza juu ya uji wa viazi ulioganda.
Siku ya tano kuvu likaota,
(au ni ikaota? au akaota?
kamusi mbili mezani, kila moja na lake)
sahani ya wagonjwa na sahani ya wazima,
zote kijivu juu, rangi ya papai chini.
Kwenye hadubini vimbegu vilikuwa punje za mchele,
ncha butu, vimenyooka.
Nilipima mia na ishirini, jicho likatoa machozi.
Nikaandika: ni mmoja.
Nikamwambia Bi Mwanamkuu akate.

Alikata. Alichoma.
Wenye madoa na wasio na madoa, kumi na mmoja.

Darasa la sita mwalimu Kilua alituuliza,
fimbo yake ikining'inia msumarini:
"Kiboko. Ngeli gani?"
Ki-vi! tukapaza.
"Kile pale ukutani, sawa, kimening'inia.
Na yule aliye Mto Pangani? Naye kimezama?"
Tukanyamaza.
"Neno lile lile, herufi zile zile.
Msitazame uso wa neno.
Subirini kitenzi."

Mimi sikusubiri kitenzi.

Kilikuja baada ya wiki tisa, kutoka Dar,
kurasa za herufi nne tu zikijirudia,
barua ndefu isiyo na nafasi wala nukta.
Jeni ya kwanza: wanafanana.
Ya pili: herufi moja imeteleza, labda kosa la mashine.
Shahidi mmoja hafungi mtu, nikafungua ya tatu,
na hapo mstari ukavunjika,
ukavunjika tena chini yake,
hata nikatoka nje kuvuta hewa.
Walikuwa wawili.
Uso mmoja, nasaba mbili.

Nilikwenda Mkuzi kwa bodaboda, bahasha kifuani.
Visiki bado vilinuka maganda yaliyoungua.
"Kwa hiyo yule wa majani mazima," akauliza, "alikuwa nani?"
Mpangaji, nikasema. Analala ndani ya jani,
hajatoboa ukuta wa mtu.
Huenda hata alikuwa akilinda mlango. Sijui.
"Hujui."
Sijui.
"Na jina lake?"
Hajapewa bado.
Akacheka kicheko ambacho sikukipenda,
akarudi kumwagilia miche yake,
kopo kwa kopo, bila kunitazama.
Kopo la nne akasema, kama anaongea na mche:
"Miti saba haikuwa na doa. Niliihesabu ikiwaka."

Jioni nilifungua kabati la bahasha.
Ile ya zamani, ya marehemu Mntambo,
inasema tu: ukungu wa mchungwa, mvua za vuli.
Aliona alichoweza kuona.
Nikachukua bahasha mpya na penseli,
maana wino unakimbia kwenye unyevu wa huku:

Mkuzi. Mchungwa. Jani zima.
Mkusanyaji: M. Singano.
Umbo: tazama sahani ya 4, usiliamini peke yake.
Spishi:

Hapo nikaacha wazi.
Kisha pembeni, kwa herufi ndogo,
kwa ajili ya mwalimu Kilua na fimbo yake,
nikaandika: huyu.