Gari Linaloomba Kushoto

Tairi la mbele, kushoto, limeliwa kwa ndani
kama soli ya mtu anayeficha kilema.
Nje kashata zimesimama,
ndani waya zinacheka.
Hili ni la tatu tangu Pasaka.

Mara tatu nimelipia mashine barabara ya Singida,
mara tatu kijana amenikabidhi karatasi yenye namba za kijani,
na mara tatu, kabla sijafika Hombolo,
kabla miche ya zabibu haijaanza kunyauka kule nyuma,
usukani umeanza tena kuomba kushoto,
polepole, kwa adabu,
kama mtoto anayekuvuta shati dukani.

"Mashine haidanganyi," alisema fundi Chedego wa Kizota,
ameshalala chali juu ya boksi la friji,
sauti ikitoka chini ya Stauti ya marehemu baba.
"Inapima gari lilivyosimama.
Haijui litakavyotembea. Nipe tochi."

Akanionyesha bolti ndefu ya mkono wa juu
na washa yake ambayo tundu halikai katikati:
izungushe nusu kidole, gurudumu linainama,
irudishe, linasimama.
Akachora mstari wa chaki, bolti na chuma kwa pamoja.
"Nenda Nala, chukua njia ya vumbi, urudi."

Nikaenda. Nikarudi na vumbi puani.
Mstari ulikuwa umekatika,
nusu huku, nusu kule,
kama ndugu walioacha kusalimiana.

"Lakini nati imekaza," nikasema.
Akapitisha kidole pale, akakitoa cheusi.
Akakinusa.
"Nani alipaka oili chafu humu chini?"

Ni mimi.
Desemba, kabla ya mvua. Lita tano
nilizoomba kwenye mashine ya kusaga,
nikapaka kwa brashi ya chokaa, kila kona,
kama mama anavyompaka mtoto mafuta siku ya ubatizo.
Baba aliniachia gari hili likiwa zima.
Niliogopa kutu.
Sikujua vipo vyuma vinavyoshikana
kwa sababu tu ni vikavu.

Chedego hakusema neno.
Binti yake Sechelela ndiye aliyecheka,
kisha akaleta petroli kwenye kopo la maziwa,
msasa,
na kipande cha kanga kilichobakiwa na neno moja: MAJIRANI.

Tulisugua mpaka chuma kikawa cha kijivu.
Bolti mpya. Washa za meno.
Wakafunga uzi wa waashi kuzunguka gari, juu ya matofali,
Sechelela akapima kwenye rimu kwa rula ya shule:
"Mbele mia na kumi na nne. Nyuma mia na kumi na... "
"Ngoja," akasema baba yake, maana uzi ulikuwa unalia.
Tukangoja. Watu wazima watatu tumechuchumaa, kimya,
tukisubiri upepo uondoke Kizota
ili milimita mbili zijulikane.

Nati ya mwisho hakuikaza
mpaka jeki iliposhuka na gari likabeba uzito wake lenyewe.
"Ukikaza likiwa hewani, umekaza uongo."
Alama hii hakuichora kwa chaki. Aliikwaruza kwa msumari,
akadondoshea rangi nyeupe.

Sasa kila Jumapili, kabla ya ibada,
natambaa chini na tochi,
na Nyemo ananikung'uta shati mgongoni, akinung'unika
kwamba hata wagonjwa hawaamkiwi hivi.
Mstari bado ni mmoja.
Njia ya Hombolo naachia usukani, nahesabu.
Juzi nilifika kumi na moja.

Pale tulipopakausha, kutu imeshaanza,
kidogo, rangi ya udongo wa kwetu.
Naimulika.
Naiacha.