Sindano Haitulii

Mizani ya soko la Kibaigwa haiulizi gunia ni la nani.
Unalipandisha, sindano inatikisika, inatulia.
Kilo mia na mbili. Basi.
La tajiri wa Dodoma mjini na la Mama Lechipya,
lililokuja kwa punda kutoka Njoge,
yote hukaa juu ya chuma kilekile.

Nilidhani mtandao nao ni hivyo.

Ukurasa wangu niliujenga kwa kompyuta
iliyong'oka kitufe cha M.
Kila M niliinakili kutoka neno jingine:
mahindi, mtama.
Alfajiri nakusanya bei midomoni mwa makuli,
vumbi halijaamka, naziandika.
Wakafungua watu mia nne. Kisha elfu tatu.
Wenye mashine za kukamua wakatangaza kwangu,
elfu kumi kwa wiki,
mwanangu akavaa viatu vya shule vyenye soli.

Mwezi wa sita kampuni ya simu ikaleta ya kwao.
Haili bando.
Inafunguka kidole hakijainuka.
Yangu inakula bando kama mbuzi aliyekata kamba,
na kiduara kinazunguka,
kinazunguka.

Nikapiga simu. Dada mwenye sauti ya asali
akasema njia ya haraka ipo, hata mimi naruhusiwa:
laki nane kwa mwezi.
Laki nane!
Mwenye barabara siku hizi anauza alizeti,
na geti kalisimika mbele ya mkokoteni wangu.

Siwalaumu wanaopenda cha bure.
Mke wangu mwenyewe anacho simuni.
Bei zake za juzi, mnunuzi wake mmoja.

Ndahani wa Mtanana alikuwa na magunia kumi na tisa.
Kasimama ubavuni mwa lori, injini inanguruma,
akafungua kwangu. Kiduara.
Akasubiri. Dereva akapiga honi.
Akafungua cha bure: elfu arobaini na tano.
Akakubali.
Hamsini na tatu yangu ilimfikia jioni,
ameshavua viatu, anahesabu noti.

Elfu nane mara kumi na tisa.
Piga wewe hesabu, mimi mkono unakataa.
Ile ilikuwa mbegu ya msimu ujao, na bati tatu za jikoni.
Hakuna aliyeiba, hakuna wa kushtakiwa.
Imepotelea kati ya kidole na kioo.

Matangazo yamehama. Na kijana wa Hombolo
aliyetaka kuuza zabibu kwa njia kama yangu
kanirudishia daftari, hakusema kitu.

Bado naandika. M naiazima palepale.
Leo alizeti hamsini na nne.
Nimebonyeza, nimekaa juu ya kreti tupu.
Chisumo kuli, gunia begani, ananiuliza:
"Imefika kwa watu?"
Namwonyesha simu.
Anatazama kiduara, anatazama tena.
"Mbona mizani yako," anasema,
"sindano haitulii?"