Mikono ya Kukodi

Walinitaka nichore picha moja mara saba.
Ya kwanza, turubai tupu na mistari mitatu ya mkaa;
ya pili, mbingu tu; ya tatu, mbingu na ukingo wa mto Tay;
na hivyo hivyo, hadi ya saba iliyokwisha,
ili Struan Geddie, mwigizaji mwenye shingo ndefu,
asogee mbele ya kamera, aguse palipokwisha guswa,
na watu waseme: tazama, anachora.

Ghala lile la Dundee lilikuwa la juti zamani.
Kuta bado zinanuka gunia.
Mimi, mzaliwa wa Muheza, binti wa karani wa mkonge,
nilivuta pumzi nikajiona nimefika kwa shangazi.
Sikumwambia mtu. Nilidai malipo ya awali.

Anashika brashi kama mwiko wa uji,
nilimwambia mwongozaji. Bi Fenella akacheka,
akaniomba nimfundishe.
Siku nne tulikaa, Struan na mimi,
chini ya paa linalovuja, ndoo katikati yetu.
Akauliza: inapokuja, unajisikiaje?
Inapokuja nini?
Ile, akasema, akipunga vidole kama mtu anayefukuza nzi.
Nikafikiri kwa haki, maana kijana alikuwa muungwana.
Kiuno kinaniuma, nikamwambia. Halafu najua kijivu kimezidi.
Akaandika daftarini. Hakuja kukitumia.

Katika filamu, msanii anakunywa, anamfukuza mkewe,
halafu muziki unapanda, naye anachora usiku mmoja,
shati wazi, theluji dirishani, machozi, kumekucha.
Usiku huo mmoja ulikuwa siku zangu kumi na tisa.
Sita kati ya hizo nilikaa tu,
chai ikipoa, nikitazama kona ya chini kushoto
ambayo ilikataa kuwa maji.
Siku moja nilikwenda kulipa bili ya umeme.
Nyingine, daktari wa meno.
Kona ilikubali Alhamisi, saa nane mchana,
nikiwa na sandwichi mdomoni,
wala hakuna zumari iliyolia.
Filamu hazijui kungoja rangi ikauke.
Nani angelipa tiketi?

Mkataba ulisema zote saba zichanwe kazi ikiisha,
isije siku moja picha ya uongo ikauzwa kwa bei ya kweli.
Kisu nilipewa mimi mwenyewe.
Tano zilikwenda bila neno.
Ya saba, nilifumba jicho moja.
Ya nne, nusu mbingu, nusu turubai,
mto umeanza lakini haujui uendako,
kisu kiligoma, au mkono.
Struan, mlangoni, akageuka kutazama mvua
muda mrefu kuliko mvua ile ilivyostahili.

Jumanne moja ya Februari nilikwenda kuitazama,
onyesho la mchana, bei ya wastaafu,
watu tisa na makoti yanayochuruzika.
Struan alikuwa mzuri. Kila alipoinua brashi
kidole changu cha shahada kilishtuka pajani.
Mama mmoja kando yangu, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
akaninong'oneza: huyu kajaliwa mikono.
Kweli, nikaitikia. Akanipa peremende.

Majina yakapanda: madereva, wapishi, mfuga mbwa,
aliyeshona mashati, aliyekodisha theluji.
Taa zilikuwa zimeshawashwa, kijana wa zamu akifagia bisi,
nilipopita, herufi ndogo, ukoo umekosewa:
Mwantumu Shemdolwa, pasipo ile n.
Kijana akaniomba niinue miguu.

Ya nne ilikuwa chumbani kwangu, Hilltown,
imeegemea kabati, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa.
Leo nimeigeuza.
Kona ya chini kushoto haina kitu.
Nimebandika birika la chai.