Kelele ya Saa Moja Jioni

Hewa ya Bukavu haina hatimiliki.
Masafa yetu ni ya bure: hakuna anayelipa leseni,
hakuna anayelindwa.
Ukipigiwa kelele, vumilia, au hama chaneli.
Nimehama mara nne tangu mvua za Septemba.

Kazi yangu ni kuoanisha vilima.
Nguba iitazame Bagira jichoni, sahani kwa sahani,
na kati yao ziwa, lisilonyamaza hata likitulia:
maji yakiwa kioo, wimbi moja hufika mara mbili,
la kwanza mjumbe, la pili mwigaji.
Hilo nimelizoea kama pengo la jino langu.

Ya saa moja ni nyingine.
Mchana kutwa njia safi; zahanati inatuma picha za mifupa,
wanafunzi wanapakua mitihani ya zamani.
Saa moja jioni ikifika
grafu inatunisha mgongo kama paka aliyeona mbwa
na simu yangu inaanza:
Fundi, imekufa tena. Fundi, tunalipia nini?

Nilimshuku Birindwa.
Nani asingemshuku? Ana mlingoti mrefu kule Muhumba,
ana wateja wanaotazama mpira hadi usiku wa manane,
na ana tabia ya kuongeza nguvu kila akipungukiwa na hoja.
Nikaongeza yangu. Akaongeza yake.
Wiki mbili tukapigana kwa desibeli,
mpaka wateja wake na wangu wakakutana foleni moja
kununua vifurushi vya simu.

Akaja mwenyewe, na mwavuli uliovunjika mbavu.
«Nshobole, hata mimi inanipiga.»
Akafungua kompyuta: nundu ileile, palepale,
elfu tano mia saba arobaini na tano.
Tukaona haya.
Tukapunguza nguvu, wote, bila kuandikishana.
Yeye akayasimamisha mawimbi yake wima, mimi nikayalaza yangu.
Kisha tukatafuta:
unageuza sahani nyuzi tano, unasubiri, unageuza,
yeye juu ya bati lake, mimi juu ya langu,
hadi mistari miwili ya kalamu ikakatana Kadutu,
juu kidogo ya soko, penye ngazi za udongo.

Nyumba niliifahamu kabla sijafika mlangoni.
Misumari ya mlingoti ule niliipigilia mimi
kwa Mwalimu Cishugi, mteja wangu wa tatu,
aliyelipa kwa maharagwe mwezi ambao mshahara haukuja.
Alipokufa nilikuja kilioni, nikala, nikaondoka.
Kifaa nikakisahau juu ya bati.

Mjane wake akanipa kiti.
Kabini ya mtaa, alisema, iliungua mwaka uleule wa msiba;
Septemba hii ndiyo wamefunga nyingine.
Juu ya kabati kisanduku kidogo kiliwaka kijani.
«Ile taa njo inanilalisha.
Yeye alikuwa anachomeka saa moja, watoto wasome.
Na mimi nachomeka saa moja.»

Nimwambie nini?
Kwamba kila jioni jina la mumewe linaita mji mzima,
CISHUGI-NYUMBANI, CISHUGI-NYUMBANI,
kwa nguvu yote niliyoiweka mimi siku ile
kwa sababu nilikuwa mgeni wa kazi
na nilidhani kupiga kelele ndiko kusikika?

«Iko nasema?» aliuliza.
Inasema, mama.
«Na nani?»

Nywila ilikuwa bado ileile, tarehe yangu ya kuzaliwa.
Nikazima redio. Taa nikaiacha.

Simu ikalia nikiwa kwenye ngazi za udongo.
«Imenyamaza!» Birindwa alikuwa anacheka.
Nikamwambia: ilikuwa yangu.
Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyomjua.
«Wiki mbili, Nshobole,» akasema. «Wiki mbili.»
Nikateremka nikishika ukuta,
maana ngazi zile zina utelezi, na sikuwa na tochi.